Mwaka Niliotia Maneno Vinywani mwa Waitaliano

Florence alinipigia simu Jumatano asubuhi kuniambia kwamba mumewe, Salehe, amefariki, na kabla sijamaliza kusema pole akaongeza: "Njoo Ijumaa, Mwajuma. Mtani wake hapa mjini ni wewe tu." Alikuwa na haki ya kuniita. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, Salehe alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na watu wetu wametaniana tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wa Mzaramo, Mnyamwezi hasubiri kukaribishwa. Anaingia, anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokoroma, anakalia viatu vyake, anazuia jeneza lisitoke mpaka abembelezwe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, wala hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nilikwenda. Watu waliporudi kutoka makaburini tulikusanyika kwenye ukumbi mmoja pale Spånga, pembezoni mwa Stockholm, sahani za pilau zikapita, kisha mpwa wa Salehe akasimama akasema, "Sasa tunamwomba mtani." Wakanigeukia wakiwa wameshaanza kutabasamu. Nikasema, "Mimi leo sina utani," nikaketi. Watoto waliozaliwa huku wakawauliza mama zao kwa Kiswidi kulikoni. Jibu ninalo mimi. Utani ni heshima, unampa mtu unayemhesabu kuwa wako, hata akiwa maiti. Salehe sikutaka kumpa.

Mwaka wa kisa chenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nililetwa Stockholm kujifunza kutengeneza meno ya bandia, kazi ninayoipenda hadi leo, maana hakuna kinachomnyenyekeza bwana mkubwa kama kukaa mbele yako bila meno. Nilipanga chumba Hjulsta, mwisho wa reli ya chini ya ardhi, kwa bibi mmoja wa Kifini aliyekaanga samaki wadogo kila Alhamisi mpaka mapazia yakanuka ziwa. Alfajiri, kabla ya mafunzo, nilisafisha ofisi za kompyuta kule Kista. Na nilikuwa na mchumba. Aliitwa Yusufu, alisomea uhandisi wa umeme, mpole hadi kuudhi, na kila Jumamosi alikuja na mfuko wa machungwa, akayamenya mwenyewe na kunipangia kwenye sahani. Dada yake mkubwa alikuwa ameshaandika barua kuuliza mama yangu anapenda kanga za rangi gani. Kwa wanaojua, swali hilo ni nusu ya posa.

Mwezi wa pili nikaanza kuumwa tumbo chini ya kitovu. Kiswidi changu kilikuwa cha kusalimia na kushukuru tu, kwa hiyo hospitali ikamwita mkalimani, naye akaja Salehe. Alikuwa na kama miaka arobaini, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi, na mazoea ya kuanza kila sentensi na "kwa mujibu wa sheria", hata akiomba chumvi. Watu wetu walimwita Wakili. Alisema aliwahi kusoma sheria, na kwamba asubuhi yuko ofisini Kista, idara ya mikataba, ukalimani anaufanya kwa ajili ya ndugu zake tu. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, alieleza polepole, na Salehe akatafsiri vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mrija mmoja wa uzazi umeziba. Wa pili ni wa kuangaliwa. Kupata mtoto kutakuwa kugumu, lakini nisidhani haiwezekani. Mkalimani huapa kutunza siri, na kwenye ujia wa kutokea Salehe alinikumbusha kiapo chake mwenyewe. "Mimi ni kaburi, Mnyamwezi," aliniambia. "Usingeniona natembea ungesema nimeshazikwa." Nikacheka, nikamwamini. Mficha uchi hazai, nilijiambia, na mimi uchi wangu nimeuonyesha kwa watu wawili tu.

Aliyenipeleka kwenye filamu za Waitaliano alikuwa Florence, mke wa huyo Salehe. Ni Muganda, alifika Sweden akiwa mkimbizi, alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, na aliniokota kama mdogo wake bila kuniuliza. Jumapili saa nane mchana jumuiya ya Waitaliano ilionyesha filamu za zamani katika ukumbi pale Spånga, na aliyeendesha mashine ni Renato, mzee mstaafu wa kiwandani, nywele zimepakwa mafuta, koti la suti hata kiangazi. Tulikwenda kwa sababu kulikuwa na joto na kahawa. Nilibaki kwa sababu ya kelele. Nilikuwa nimekaa wiki kadhaa katika jengo ambalo jirani akikusikia unafungua mlango husubiri ushuke ndiyo atoke, halafu ghafla mbele yangu kuna watu wanaogombana dirishani, wanaotia mkono kwenye sufuria ya mwenzao, wanaojua mkwe wa nani kalala wapi. Ilikuwa Tabora yenye ngazi za mawe. Filamu za Kihindi nilizokulia nazo zilimwonyesha mbaya waziwazi, masharubu yake yakiingia mlangoni kabla yake. Kwa Waitaliano mbaya ndiye unayempenda. Nakumbuka mume aliyejifanya kiziwi miaka kumi ili mkewe asimtume, nahodha asiyejua kuogelea, ndugu wawili waliogombania kabati la bibi yao naye yuko kitandani anawasikiliza, anakula zabibu. Wote waongo, wote walafi, na ukitoka nje unatamani ungewapikia.

Maandishi ya Kiswidi yalipita chini ya picha, nami nikayafukuza kwa macho. Ndiyo shule yangu. Nilijua kusema mnafiki, mirathi na mkwe kabla sijajua kusema stempu. Renato aliona midomo yangu ikitembea na akaanza kuniachia kiti cha pembeni karibu na mashine. Alikuwa na kanuni zake. "Mwache ale kwanza," aliniambia kwa Kiswidi chake kilichopinda, mhusika mmoja tapeli alipokalishwa mezani. "Sisi hatumwangushi mtu mwenye njaa. Anakula, anafuta mdomo, ndipo anaanguka."

Mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, nikasukuma toroli langu la ndoo kwenye ghorofa ambayo haikuwa zamu yangu, pale Kista, nikamkuta Wakili amepiga magoti. Alivaa ovaroli ya bluu, anabandua ubani wa kutafuna uliogandana na zulia kwa kisu cha kukwangulia rangi. Suti ya kijivu ilikuwa imetundikwa mlangoni kwa uangalifu, na mkoba umesimamishwa ukutani. Tulitazamana. Mtani wa kweli angempigia vigelegele jengo zima lisikie. Mimi niligeuza toroli nikaondoka, kwa sababu nilijua nyumbani kwake anaondoka na mkoba ule kila siku, na Florence anaimwagia sifa idara ya mikataba kila tukikaa. Mtu akikuvulia siri bila kutaka, unamfunika. Nami nilidhani sasa tumefunikana. Jumamosi ile nilipofika kwao kula, Salehe aliniwekea mfupa wenye uboho kwenye sahani yangu kwa mkono wake.

Idi mwaka ule iliangukia kiangazi, jua linagoma kuzama, na nyumba ya Salehe ilijaa hadi kwenye roshani. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu vya kachumbari. Mlango wa sebuleni ulikuwa umebaki wazi kiasi cha kiganja. Sebuleni alikuwepo binamu mkubwa wa Yusufu, amekuja kutoka Uppsala, na nilimsikia akiuliza kwa sauti ya mtu aliyetumwa, "Huyu binti wa Tabora, wewe unamfahamuje?" Salehe alikuwa anatafuna. Nilisikia kwamba anatafuna. "Mchapakazi," akasema. "Mpishi, ana adabu. Lakini mwambieni kijana atafute pengine. Shamba lile halioti. Hospitali nilikuwepo, nimetafsiri kwa kinywa hiki hiki." Halafu, "Mbona nyama imebaki? Kuleni, jamani." Daktari alisema kugumu. Yeye akasema halioti. Siri ameitoa, na alipoitoa ameiongezea uongo, na hakusubiri hata aumeze mnofu. Florence aliingia kutoka roshani akaniona na kisu na machozi. "Kitunguu ya huku ni kali," akasema. Nikasema ndiyo, kali. Nikaipeleka kachumbari sebuleni, nikaanza kwa Salehe kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mnyamwezi leo umebeba mzigo mwepesi," akanitania, watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Kicheko kile nimekitapika miaka mingi.

Yusufu alikuja Jumamosi moja zaidi. Hakukaa. Alisema nyumbani wameona ni vizuri kusubiri, akaweka mfuko wa machungwa mezani bila kuyamenya. Sina kisa naye. Mwanamume anayetumwa na ndugu zake kuacha mtu, naye akatumika, hana uzito wa kuchukiwa. Na niseme hapa hapa kwamba nilikuja kuzaa, na mtu mwingine, binti mrefu anayenijibu kwa Kiswidi. Alipotimiza siku arobaini nilimtumia Salehe picha yake kwa posta, bila barua.

Kufikia Septemba nilikuwa na Kiswidi cha kutosha kumshtaki. Ningekwenda hospitali nikasema mkalimani wenu amevunja kiapo, wangeniandika, wangemwandikia, na jambo lingelala kwenye faili. Sikutaka faili. Nilitaka achekwe. Nilikuwa nimekaa miezi saba nikiwatazama Waitaliano, na walinifundisha kwamba mtu anayeishi kwa heshima ya uongo humuui kwa kisu wala kwa barua. Unahitaji ukumbi uliojaa, na mkewe awepo.

Nafasi akanipa Renato mwenyewe. Watu wetu walikuwa wamezoea kunizunguka niwanong'oneze filamu, Waswidi wanageuka kutunyamazisha, na mwishowe akasema tuchukue Jumapili moja ya mwezi iwe yetu, yeye atapunguza sauti ya filamu na mimi nitashika kipaza sauti. Jumapili ya kwanza, mwezi wa kumi, nilitafsiri kwa uaminifu, na ukumbi ulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ya pili ilikuwa Novemba. Renato alinionyesha filamu yenyewe mara mbili kabla ya siku, ukumbi mtupu, tukichovya biskuti kwenye kahawa. Ilikuwa ya mtu mmoja katika mji mdogo mlimani, asiye na kazi, aliyerithi koti la wakili aliyekufa. Analivaa, anabeba mkoba, na wajane wanamkaribisha chakula cha mchana awasomee barua zao. Anakula, anakula, anakunja uso juu ya karatasi asizozielewa. Siku ya sikukuu, mji mzima ukiwa mbele ya kanisa, anateleza kwenye ngazi, mkoba unafunguka, na ndani hakuna ila kipande cha jibini, nusu soseji na leso ya mezani ya mtu. Mji unanyamaza. Mjane mmoja mzee anashuka ngazi, anainama kwa shida, anakiokota kile kipande cha jibini, anamrudishia mkononi na kumwambia, "Wakili, umedondosha nyaraka zako." Kisha anamsogeza pembeni ili watu wapite. Renato alipofika hapo aliacha kutafuna. Mimi niliandika kwenye daftari langu maneno mengine.

Siku yenyewe viti havikutosha. Wakenya walikuwa upande wa dirisha, Watanzania katikati, Wakongomani nyuma, na mmoja wao alianza mapema: "Mama, pandisha sauti, huku nyuma hatusikie bien." Salehe alikaa safu ya mbele na suti yake ya kijivu, Florence kushoto kwake. Yule mtu wa mlimani alipofungua kinywa mara ya kwanza, nikampa sauti ya Salehe. Ile ya puani, na ile pumzi ndefu kabla ya neno. "Kwa mujibu wa sheria," nikasema, "naomba uniongeze mchuzi." Ukumbi ukapasuka. Watu walimgeukia Salehe, naye akainua mikono, akasema kwa sauti, "Mnyamwezi kanipata." Alicheka, kwa sababu mtani hana ruhusa ya kununa, na mimi nilijua hana ruhusa, ndiyo maana niliendelea. Nikamfanya aape kwamba yeye ni kaburi. Nikamfanya amwambie mjane, mdomo umejaa, kwamba shamba la jirani halioti. Waliokuwepo siku ya Idi wakatazamana, kisha wakacheka zaidi, cheko la watu waliokwisha kuelewa. Binamu wa Uppsala hakuwepo. Ningelipa apewe kiti.

Halafu zikaja ngazi. Mkoba ukafunguka. Yule mama mzee akashuka, akainama, na maandishi ya Kiswidi yakatokea chini ya miguu yake. Nikaongea juu yake. "Jamani," nikasema kwa sauti ya yule mama, "kumbe idara ya mikataba ni ovaroli ya bluu na fagio la deki? Kista, ghorofa ya nne, saa kumi na moja alfajiri, Wakili amepiga magoti anabandua ubani wa watu." Walicheka wote, vijana wakipiga viti kwa viganja, na Salehe akacheka nao, kinywa wazi, macho yametulia kwenye picha. Florence hakugeuka. Alikaa wima kama aliye kanisani, anatazama mbele. Niseme ukweli kuhusu nilichohisi, maana sina wa kumficha: furaha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, nilijiambia, na leo Bwana Salehe umejua wewe ni yupi.

Taa zilipowashwa Renato alitoka kwenye mashine yake. Kiswahili hakujua hata neno. "Nimeonyesha filamu hii mara nyingi," akasema, "kwetu na hapa. Penye ngazi watu hawacheki. Umewaambia nini?" Nikamwambia nimewaambia kilichoandikwa. Alinitazama, akaanza kuzungusha mkanda kurudisha mwanzo, na Jumapili yetu ya Desemba akasema mashine ni mbovu. Salehe hakuitwa tena na watu wetu kuwakalimania, kila mtu alipendelea kwenda na mtoto wake wa shule. Jina la Wakili likabaki, lakini sasa lilitamkwa kwa namna nyingine. Nilitembea Hjulsta nzima nikiwa mwepesi.

Jumanne, siku mbili baada ya filamu ile, Florence akaja chumbani kwangu kutoka kazini. Bibi wa Kifini alimfungulia. Akakaa ukingoni mwa kitanda na koti lake mwilini, na mimi nikaanza kwa haraka kumweleza kwamba ni utani tu, desturi yetu, Mnyamwezi na Mzaramo.

"Utani ni yako na yeye," akasema. "Mimi ni Muganda."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimchukua mumewe kama wangu wa kutania, nikasahau kwamba aliyekaa kushoto kwake hana utani na mtu yeyote.

"Unajua alichonifanyia?" nikamwuliza.

"Najua. Sikukuja kusema hakukosa." Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Mimi nasoma Kiswidi vizuri, Mwajuma. Yule mama mzee kwa ngazi, nilisoma kitu alisema. Mimi nimesema hivyo miaka tatu."

Sikumwelewa, akaona.

"Mtu anatoka nyumbani saa kumi, giza, anarudi ananuka sabuni ya choo. Nifikiri ni mikataba? Mikono yake ilikuwa inapasuka. Aliniambia ni baridi. Nikasema ndiyo, baridi ya huku ni mbaya. Kila jioni nampaka mafuta ya mgando, kidole moja moja, tunaongea juu ya baridi. Ilikuwa saa yetu nzuri. Sasa anakaa na mikono ndani ya mfuko. Hataki nimshike."

Nilikuwa na neno la kumpa. Pole, tena ya kweli, ilikuwa imeshafika kooni. Kilichonitoka ni swali.

"Alilia?"

Florence aliinuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka bila kunijibu. Tumezeeka mji mmoja, tumepikiana kwenye harusi na misiba, na sijamwuliza tena. Lakini bado nataka aseme ndiyo.